Ndani Kuna Nini?

Posta ya Marekani ina bei moja inayovipendelea vitabu, nayo inaitwa Media Mail. Kitabu cha paundi moja kikitoka St. Paul, Minnesota, kwenda Chicago hulipa sawasawa na kitabu cha uzito huohuo kinachokwenda Honolulu, katikati ya bahari ya Pasifiki. Umbali hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni uzito, na jambo jingine moja: hicho ulichofunga ni kitabu kweli? Swali hilo la pili ndilo lililonipa riziki kwa muda mrefu, maana nilikuwa mfungaji wa vifurushi katika duka la vitabu vilivyotumika huko St. Paul, na duka letu liliuza vitabu pamoja na karata za taroti.

Kwa wasiozijua, karata za taroti ni 78 katika pakiti moja. Ishirini na mbili zina picha zenye majina, kama vile Mpumbavu, Mauti, Mnara na Jua. Zilizobaki 56 zimegawanyika makundi manne, kama karata tunazochezea wahedi wasitini, ila zina kikombe, upanga, fimbo na sarafu. Wengi huzitandaza mezani wapate kutazama mambo yajayo, na wengine husema wanazitumia kutafakari tu. Duka letu lilizipata kwa wingi kwa sababu ya mahali lilipokuwa. Llewellyn, mchapishaji mkubwa wa vitabu vya unajimu na taroti, yuko eneo hilo tangu 1961, na siku hizi ofisi zake ziko Woodbury, mashariki ya St. Paul. Kwa hiyo nyumba nyingi za huko zina rafu ya mambo hayo. Mwenye rafu akihama au akifariki, watoto wake huzoa kila kitu na kukileta dukani ndani ya maboksi ya ndizi.

Mama yangu, aliyekuwa Tanga, alipopata habari za kazi hiyo alinipigia simu.

"Mwanangu, nasikia unauza karata za ramli."

"Shikamoo mama. Siuzi, nafunga tu."

"Marahaba. Unafunga ramli?"

"Nafunga vitabu, mama. Na karata kidogo."

Alikaa kimya, nikajua anapima kama amwite baba azungumze nami. Kisha akauliza swali la mtu aliyetuma mizigo maisha yake yote: "Na nauli yake mnalipaje?"

Mama alikuwa akimtumia dada yake vitu Dar es Salaam kwa basi. Unafika stendi na kiroba chako, karani wa mizigo anakuuliza ndani kuna nini, anakiinua kwa mkono mmoja, anakutazama usoni, anataja bei. Unamwambia amezidisha. Anasema gari limejaa. Unamwambia mbona juzi ulilipa nusu yake. Mwishowe mnakutana njiani, anaandika jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa kalamu nene ubavuni mwa kiroba, na safari inaanza. Nikamweleza kwamba huku nako karani huuliza swali lilelile, lakini bei imeandikwa na haishuki.

"Basi sema kweli," akaniambia, "maana huko huna wa kumbembeleza."

Bei ya vitabu ina historia yake. Mwaka 1938 Rais Franklin Roosevelt alitoa tangazo lililoshusha gharama ya kutuma vitabu hadi senti moja na nusu kwa paundi, popote ndani ya nchi. Kabla ya hapo majarida, pamoja na matangazo yake ya sabuni na sigara, yalisafiri kwa bei ya kutupa, ilhali kitabu kilihesabiwa kama mzigo mwingine wowote: kadiri kilivyokwenda mbali ndivyo nauli ilivyopanda. Vitabu vingi vilichapwa New York na miji mingine michache ya mashariki, kwa hiyo msomaji wa Montana alimlipa mwandishi, akamlipa mchapishaji, halafu akalipishwa na ramani. Walioitetea bei mpya walisema hilo si haki, serikali ikakubali. Jina rasmi la huduma limebadilika mara kadhaa tangu wakati huo, lakini mwenye duka letu, mama wa Kimarekani mwenye mvi aliyeanza biashara akiwa msichana, hakuwahi kusema Media Mail. Aliita bei ya vitabu, na makarani wa rika lake walimwelewa.

Masharti yake si mengi. Kitabu kiwe na kurasa zisizopungua nane. Kisiwe na matangazo ya biashara, isipokuwa tangazo dogo la vitabu vingine. Noti za muziki zinaruhusiwa, miswada inaruhusiwa, filamu na santuri na CD zilizorekodiwa zinaruhusiwa. Kifurushi kisizidi paundi 70. Gazeti lenye matangazo haliruhusiwi, wala kitabu cha katuni chenye matangazo, wala mchezo wa video, wala karata. Na posta ina haki ya kukifungua kifurushi hicho ikitazame. Barua ya kawaida na kifurushi cha Priority Mail haviwezi kufunguliwa bila hati ya mahakama, lakini anayechagua Media Mail amekubali mapema kuchunguliwa. Unalipa kidogo kwa sababu umesema ndani ni kitabu, nao wana haki ya kuhakikisha.

Hapo ndipo wateja wetu wa taroti walipoanza ubishi. Watu wa taroti ni wasomaji wakubwa, nao hubishana vizuri. Mmoja alisema karata 78 zenye picha ni kitabu kisichoshonwa: zipange kwa mpangilio wake, utapata hadithi ya mtu anayeanza safari bila akili na kuimaliza akiijua dunia. Mwingine alinikumbusha kwamba ndani ya karibu kila pakiti mna kijitabu cha maelezo, tena kina kurasa zaidi ya nane. "Kwa hiyo kuna kitabu ndani," akasema. "Hesabu mwenyewe." Nilihesabu, na kweli kurasa zilizidi nane kwa mbali. Nilimpelekea hoja hiyo karani wa posta tuliyemzoea, mwanamke mpole ambaye miwani yake haikukaa machoni hata siku moja. Akauliza: "Mteja amenunua kijitabu akapewa karata, au amenunua karata akapewa kijitabu?" Nikacheka, naye akabandika lebo ya bei ya juu bila kusubiri jibu.

Ukitazama historia, karani alikuwa upande sahihi kuliko alivyojua. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo. Wakuu wa Milano walichorewa pakiti za dhahabu, na baadhi ya karata hizo zimehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho. Watu walizicheza mezani kwa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, kuandika mwaka 1781 kwamba zimebeba hekima ya siri ya Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi wowote. Lakini Paris ilipenda habari hiyo, na kuanzia hapo upigaji ramli kwa taroti ukawa biashara. Wafaransa wengi bado wanaicheza taroti kama mchezo tu, wakigombea alama na kulaumiana. Kwa hiyo posta inapoziita karata, haijazitukana.

Wengine walileta hoja nzito zaidi. Waliuliza kwa nini riwaya ya mapenzi ya bei rahisi, isiyomfundisha mtu kitu, isafiri kwa upendeleo, na kazi ya sanaa ilipe nauli ya kaptura na sufuria. Wakataja pakiti maarufu kuliko zote, iliyochapwa London mwaka 1909 na kampuni ya William Rider & Son. Maelekezo yalikuwa ya Arthur Edward Waite, lakini picha zote zilichorwa na mwanamke, Pamela Colman Smith. Habari zake nilizisoma wakati wa mapumziko ya chakula, nikampenda. Alizaliwa London mwaka 1878, akaishi Jamaika utotoni, na kabla ya karata hizo alikuwa ametoa kitabu cha hadithi za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Nasi tuliolelewa na hadithi za Sungura hatuhitaji kuelezwa ni mtu wa namna gani. Pamela alimwandikia rafiki yake Alfred Stieglitz kwamba amemaliza kazi kubwa kwa fedha kidogo sana. Pakiti hiyo imechapwa tena na tena duniani kote, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa majina ya mchapishaji na ya Waite, bila lake. Mwanamke huyo alifariki mwaka 1951 akiwa hana mali.

Sasa, ukiniuliza kipi kina thamani zaidi kati ya picha za Pamela na nusu ya riwaya nilizofunga, nitakujibu bila kusita. Hata hivyo nasema sheria iko sawa. Uzuri wake ni kwamba haiulizi thamani. Inauliza umbo: kuna kurasa, kuna matangazo, ni kitabu au si kitabu? Tafsiri ya Kurani, kitabu cha mapishi, riwaya chafu na kitabu cha kupinga riwaya chafu vyote hulipa sawa. Tukisema karata ziingizwe kwa sababu zina hekima, tumemkabidhi karani kazi ya kuamua hekima ni nini, na Marekani imewahi kuwa na posta ya namna hiyo. Sheria ya Comstock ya mwaka 1873 iliipa posta uwezo wa kukamata chochote ilichokiona kichafu, na matoleo ya jarida la The Little Review yaliyochapisha sehemu za Ulysses ya James Joyce yalikamatwa na kuchomwa moto. Mimi namtaka karani anayehesabu kurasa.

Tena sheria hiyo ina faida kwa mtu kama mimi. Karata hazikunipendeza, na baadhi ya vitabu vya dukani viliniudhi kwa yale vilivyosema kuhusu Afrika. Mezani pangu vyote vilikuwa uzito na umbo. Vitabu huku, karata kule.

Wapo walioamua kutobishana na kuficha tu. Duka letu lilikuwa na desturi ya kubadilishana bidhaa na wafanyabiashara wa majimbo mengine: sisi tunatuma vitabu vya upishi, wao wanatuma vya taroti. Siku moja, majira ya baridi, lilifika boksi kubwa kutoka kwa mmoja wao, limeandikwa Media Mail ubavuni kwa herufi kubwa. Utepe wa gundi wa asili ulikuwa umekatwa na juu yake umepigwa utepe mwingine wa posta, pamoja na karatasi ya kudai tofauti ya nauli. Juu palikuwa na safu mbili za vitabu, chini yake pakiti za karata zimejaa mpaka pembeni. Aliyezificha karata hizo alikuwa mamia ya maili mbali, amekaa na joto lake. Aliyedaiwa fedha dirishani ni mwenye duka letu, ndiyo kwanza ametoka kwenye theluji.

Alilipa. Kisha akaniita tupime upya boksi zima pamoja, na akaandika kwenye karatasi kiasi ambacho angelipa yule mtumaji tangu mwanzo. Tofauti haikuwa kubwa. Kilichomkera ni kwamba fedha ile ilitoka kwa asiyehusika, na kwamba kwa sababu ya boksi lile kulikuwa na mkaguzi fulani, mahali fulani, ambaye sasa atayatazama kwa jicho kali maboksi yote yenye anwani yetu. Biashara na mtu yule iliishia hapo. Hakumtukana. Alimtumia nakala ya ile karatasi ya posta pamoja na orodha ya vitabu vyake, akamwambia achukue vyake naye atachukua vyake.

Tangu siku hiyo nilipewa kazi ya kuchagua bei kwa kila kifurushi kinachotoka, na nitaeleza nilivyofanya kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani wanauza vitu kwa njia ya posta, hata kama si taroti.

Vitabu vitupu havina mjadala. Media Mail huanzia paundi moja, kisha kila paundi inayoongezeka ina nyongeza ndogo. Wakati wangu ilikuwa haifiki dola. Ndiyo maana kadiri boksi la vitabu linavyokuwa zito ndivyo bei hiyo inavyozishinda zile zinazofuata umbali, na hasa kama linakwenda mbali. Boksi la paundi 30 kutoka St. Paul hadi Los Angeles kwa bei inayofuata umbali lingemla mwenye duka faida yote. Ubaya wake ni mwendo. Posta husema siku mbili hadi nane za kazi, lakini wakati wa Krismasi usimwahidi mteja kitu. Bima haimo, unaongeza kwa fedha yako. Na kama mteja amehama bila kusema, kuhamishiwa au kurudishwa kwa kifurushi kunalipiwa.

Pakiti moja ya karata ni hesabu nyingine kabisa. Pakiti ya kawaida na boksi lake ina uzito wa kama aunsi nane au tisa. Aunsi 16 ndiyo paundi moja, na wazee wetu wa pwani waliopima kwa ratili na wakia wasingepotea hapa. Ukishaifunga vizuri bado iko chini ya paundi. Zamani kifurushi cha namna hiyo kilikwenda kwa daraja la kwanza. Tangu tarehe 9 Julai 2023 huduma hiyo na nyingine za nchi kavu ziliunganishwa, zikaitwa Ground Advantage. Humo bei hufuata uzito na kanda. Nchi imegawanywa kwa umbali kutoka ulipo, na namba ya ZIP ya mpokeaji, mpango ulioanza mwaka 1963, ndiyo inayomwambia karani kanda gani. Hufika kwa siku chache, ina namba ya kufuatilia, na bima ya dola 100 imo ndani ya bei.

Jambo hili wengi hawalioni: Media Mail inakulipisha paundi nzima hata kama umetuma aunsi tisa, kwa hiyo kwa pakiti moja inayokwenda jimbo la jirani tofauti ya bei hizo mbili si kubwa kama wanavyodhani. Anayeandika Media Mail juu ya pakiti moja ya karata anadanganya kwa faida ndogo, halafu anajinyima bima na mwendo. Sijawahi kuielewa biashara hiyo.

Ugumu huja kwenye seti, yaani karata na kitabu kikubwa ndani ya boksi moja kama wachapishaji wa siku hizi wanavyopenda kuziuza. Seti ni kitu kimoja. Huwezi kuisafirisha nusu kama kitabu na nusu kama karata, na boksi lote hulipa nauli ya karata. Pakiti za karata zikienda karibu, Ground Advantage. Zikienda Alaska au Hawaii, nilikuwa nachukua boksi dogo la Priority Mail lenye bei moja ya nchi nzima, ambalo posta hulitoa bure. Pakiti mbili za kawaida huingia humo na nafasi ya kuzikinga inabaki. Seti kubwa haiingii, usijaribu kuilazimisha. Boksi likitutumka karani atalikataa, na atakuwa na haki. Wala usichukue maboksi hayo ya bure ukayageuza ndani nje ili utumie kwa bei nyingine. Wameshaiona hila hiyo.

Mteja aliyenunua vitabu vinne vizito na pakiti moja ndiye aliyenichosha akili. Je, nitenganishe? Nilikuwa napima mara mbili, kwanza vyote pamoja kwa Ground Advantage, kisha vitabu peke yake kwa Media Mail na karata peke yake. Vitabu vikiwa vizito na safari ikiwa ndefu, kutenganisha kulishinda. Kwa kitabu kimoja chembamba na pakiti moja hakukuwa na maana: unanunua boksi la pili, lebo ya pili, na baada ya siku tatu mteja anaandika kwamba karata zimefika, kitabu kiko wapi? Tulijifunza kuweka ndani ya boksi la karata kikaratasi kinachosema vitabu vinakuja nyuma, taratibu. Malalamiko yalipungua sana.

Na wenye kutuma pakiti nyingi kwa pamoja wajue bei ya ujazo. Karata ni nzito kwa umbo lake, pakiti kumi zinajaza boksi dogo lakini mizani inashtuka. Ukinunua nauli kwenye mtandao badala ya dirishani, Ground Advantage ina bei inayohesabu ukubwa wa boksi, si uzito, mradi lisizidi paundi 20. Dirishani hutaipata hata uombe kwa machozi. Mwenye duka alipoigundua alikuwa kama mtu aliyeokota noti kwenye koti la zamani, akaanza kupima maboksi yote ya dukani kwa rula.

Ufungaji nao ni sehemu ya nauli, maana kifurushi kilichoharibika kimelipiwa bure. Kitabu huumia pembe. Karata huumia pembe na unyevu, na mkusanyaji anaona karata moja iliyokunjwa kati ya 78 kabla hajasoma anwani yako. Nilikuwa naanza na mfuko wa plastiki uliobanwa, kwa sababu Minnesota kifurushi kinaweza kulala kibarazani chini ya theluji mpaka mtu arudi kazini. Kisha kadibodi mbili ngumu, moja kila upande, zimezidi pakiti kidogo ili pigo lianguke kwenye kadibodi na si kwenye pembe ya boksi la karata. Mpira wa kubana hautakiwi kamwe, huacha alama. Kwa pakiti ya bei ndogo, bahasha yenye vipovu vya hewa inatosha. Kwa ya bei kubwa, boksi ndani ya boksi, na karatasi zilizofinyangwa pande zote mpaka ukitikisa hakuna kinachosogea. Kitabu kilichofungwa kizembe hujitetea kwa jalada lake. Boksi la karata halina jalada, ni karatasi nyembamba tu. Na usisahau kupima baada ya kufunga, si kabla. Utepe na kadibodi huongeza aunsi moja au mbili, na hizo ndizo zinazokuvusha mpaka wa paundi bila kujua.

Siku zile alikuwa akija dukani mwalimu mstaafu kutoka Mombasa, mzee anayeishi na binti yake. Alinunua vitabu vya sayansi vya watoto, vya dola moja moja, na alitaka kuvituma kwenye shule aliyofundisha.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, kijana. Hiyo bei yenu ya vitabu inafika Mombasa?"

Ilibidi nimwambie haifiki. Media Mail ni ya ndani ya Marekani tu. Kwa nje kuna gunia maalumu la vitabu kwa anwani moja, linaloitwa M-bag, kuanzia paundi 11 hadi 66, na zamani lilikwenda kwa meli kwa bei ambayo hata mwalimu mstaafu angeimudu. Lakini Mei 2007 posta ya Marekani ilifuta usafirishaji wa meli kwenda nchi za nje, na tangu hapo gunia linapanda ndege, pamoja na nauli yake. Mwalimu alisikiliza, akauliza kama katika gunia hilo anaweza kutia viatu vya mjukuu, jozi moja tu, katikati ya vitabu.

"Hapana, mwalimu. Ni karatasi zilizochapwa."

"Hata viatu vya kwendea shule?"

Tulicheka wote wawili. Nilimwelekeza kwa shirika la Books for Africa, lililoanzishwa mwaka 1988 palepale Minnesota na Tom Warth, mfanyabiashara wa vitabu aliyekwenda Jinja, Uganda, akakuta maktaba yenye rafu tupu. Wao hupeleka kontena zima, na gharama ikigawanywa kwa maelfu ya vitabu haiumizi. Viatu alimpa msafiri.

Bei za posta hupandishwa karibu kila mwaka, mara nyingi Januari au Julai, kwa hiyo sikuandika hapa nauli za leo. Zitazame mwenyewe asubuhi ya siku unayotuma. Lakini bei ya vitabu bado ipo, na ndani ya Marekani Waswahili wametawanyika toka Portland hadi Houston, wengi wao wakitafuta riwaya na diwani ambazo hakuna duka la jirani linaloziuza. Kama unavyo vitabu hivyo ndani ya sanduku na huvisomi, vitoe. Tafuta anayevitaka, vifunge vizuri, vipime, uandike Media Mail ubavuni. Na ukiwa na karata za kutuma, zitie kwenye kifurushi chake.